Kichwa cha Lori na Mkono wa Mtoto

Kila inapokaribia Sikukuu, meza za wachuuzi hujaa vichezeo vya watoto, na mzazi apitaye hapo na mwanawe hujikuta akivutwa kanzu kuelekea pale yalipopangwa maroboti yageukayo magari. Mtoto hataki puto, hataki filimbi, wala hataki mpira. Anataka mtu wa plastiki ambaye, akikunjwa hivi na kuzungushwa vile, huwa gari. Mzazi huuliza bei, huguna, kisha hutia mkono mfukoni. Na siku tatu baada ya Sikukuu kile kichezeo huonekana uani hakina mkono wala gurudumu. Watu wazima huliona jambo hili kuwa dogo. Sisi hatulioni dogo hata kidogo, kwani mtoto hujifunza kazi kwa mchezo kabla hajajifunza kwa kalamu, na fedha zinazotoka mifukoni mwa wazazi kwa ajili ya vichezeo ni fedha za jasho.

Kwa hiyo leo tumeazimia kukipima kichezeo kimoja, na kukipima kwa haki. Tumemchagua yule aliye mashuhuri kuliko wenzake wote, ambaye maroboti mengi ya mezani humuiga: Optimus Prime, jitu jekundu lenye miguu ya buluu ligeukalo lori la tela. Alitolewa kwa jina hilo mwaka 1984 huko Marekani na kampuni ya Hasbro, katika jamii ya vichezeo iitwayo Transformers, yaani wageukao. Mwaka 2024, baada ya kutimia miaka 40, jamii hiyo iliingizwa katika ukumbi wa heshima wa vichezeo uliomo ndani ya jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, katika jimbo la New York. Kitu kilichodumu miaka 40 mikononi mwa watoto, ambao huchoka upesi kuliko mtu yeyote, hakikosi siri. Tuitafute siri hiyo.

Tuanze na lori lenyewe. Lile tulilo nalo mezani tunapoandika ni la umbo la kwanza la mwaka 1984, umbo ambalo limetolewa upya mara kadhaa tangu hapo. Ni lori la uso bapa, lile ambalo dereva hukaa juu ya injini, kama malori mengi yaliyokuwa yakikata masafa ya Marekani katika miaka ya 1970. Madereva wetu huiita sehemu ya mbele ya lori la namna hii "kichwa", na ile ya nyuma "tela", nasi tutatumia maneno yao. Kichwa ni chekundu, kina vioo viwili vya mbele, mabomba mawili ya moshi, na matairi sita ya mpira. Tela ni la rangi ya fedha. Ukilitia mkononi wausikia uzito wake, kwani sehemu ya mwili huo ni madini ya kusubu, si plastiki tupu. Likisukumwa sakafuni huenda kama lori, na mtoto asiyeijua siri yake angeweza kucheza nalo mwezi mzima pasi na kushuku kwamba ndani yake amelala mtu.

Kisha huja kazi. Mtoto hulitenga tela na kichwa. Huzishika mbavu za kichwa, ya kulia na ya kushoto, akazivuta nje, nazo zikawa mikono. Sehemu ya nyuma, ile ibebayo matairi manne, huiteremsha ikawa miguu ya buluu, na ncha zake hukunjwa mbele zikawa nyayo. Paa hufunguliwa, na humo huinuka kichwa cha pili, kichwa cha mtu, chenye kofia ya buluu na kinywa kilichofunikwa. Mwisho hupachikwa viganja. Vile vioo vya mbele sasa ni kifua cha shujaa, na yale matairi mawili ya mbele yamebaki kiunoni mwake. Tela nalo likifunguliwa huwa kituo cha matengenezo chenye mkono wa fundi, na kutoka humo huteremka kigari kidogo cha matairi sita.

Hapa ndipo ilipo siri ya kwanza. Katika kugeuka kwake, kichwa hiki cha lori hakitupi karibu kitu chochote. Mlango umekuwa mkono, kioo kimekuwa kifua, na tairi limebaki tairi. Sisi watu wa Visiwani twaifahamu hekima hii bila ya kufundishwa na mtu wa ng'ambo, kwani ndiyo hekima ya mnazi: tui ni mchuzi, machicha ni chakula cha kuku, kifuu ni upawa, makumbi ni kamba, na kuti ni paa. Fundi aliyelibuni lori hili alijiuliza swali lile lile ambalo bibi zetu walijiuliza jikoni, nalo ni kwamba kitu hiki, kikiisha kazi yake ya kwanza, kitafaa kwa kazi gani ya pili? Mtoto anayeligeuza mara mia huingiwa na swali hilo kichwani pasi na kujua kwamba anasomeshwa.

Siri ya pili ni kwamba mwenye kugeuza ni mtoto mwenyewe. Lori hili halina betri wala injini. Lisipoguswa hukaa lilivyo hadi Kiyama. Mtoto hana budi kuvuta kwa kiasi, kwani akivuta kwa pupa atavunja; hana budi kukumbuka kinachotangulia na kinachofuata, kwani akikosea mpangilio mikono itagongana na miguu; na akishindwa hana budi kurudi nyuma na kuanza upya. Subira, kumbukumbu na wepesi wa vidole ndizo sifa azitafutazo fundi saa, fundi cherehani na daktari wa upasuaji. Kichezeo kizitakacho sifa hizo kwa mtoto wa miaka sita au saba hakistahili kuitwa upuuzi.

Tumesema tutapima kwa haki, na haki haijui kusifu tu. Viganja vya Optimus Prime havikushikamana na mikono, hivyo mara lori linapokuwa lori viganja havina pa kukaa, na wengi waliokuwa naye utotoni hukumbuka kwanza kuvipoteza kabla hawajakumbuka lolote jingine. Miguu yake humsimamisha lakini haimwezeshi kupiga hatua. Alama za rangi zilizobandikwa mwilini mwake ni za karatasi ya gundi, nazo hubanduka kwa jasho la mikono. Tela, ambalo ni nusu ya mzigo, halihusiki na mwili wa roboti, na likitengwa hubaki kando kama mgeni asiyeitwa kula. Tena ana bunduki. Hilo la bunduki tutalirudia, kwani halifai kupitwa kwa haraka.

Kwanza tuulize kichezeo hiki kimetoka wapi, kwa sababu wengi hudhani kilizaliwa Marekani. La. Kilizaliwa Japani, nchi ya visiwa kama yetu, na nasaba yake yaanzia kwenye kopo tupu. Mwezi wa Desemba 1945, miezi minne tu baada ya Japani kushindwa vitani, fundi mmoja aitwaye Matsuzo Kosuge, katika mji wa Otsu karibu na Kyoto, alikusanya makopo yaliyotupwa na askari wa Marekani, akayasafisha, akayakunjua, akayakata, akaunda vigari vidogo vya jipu mfano wa zile walizokuwa wakiendesha askari hao. Viliuzwa yeni 10 kimoja, navyo vikagombaniwa. Nchi ilikuwa imeungua na chakula kilikuwa haba, lakini wazazi walitoa walichokuwa nacho ili mtoto acheke.

Kutokana na makopo hayo na mfano wa mafundi kama huyo, Japani ilijenga upya biashara ya vichezeo ikawa miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo kuuzwa nje baada ya vita. Hadi mwaka 1952 vilipigwa chapa ya kuonyesha kwamba vimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni. Hiyo haikuwa chapa ya fahari. Lakini Wajapani hawakuidharau kazi kwa sababu ya chapa. Walikwenda kutoka bati hadi plastiki, na kutoka springi hadi betri, kila kizazi kikichukua ujuzi wa kilichotangulia.

Mwaka 1955 ilianzishwa jijini Tokyo kampuni ya Takara, mwanzilishi wake akiwa Yasuta Sato. Kampuni hiyo ilianzia kwenye vitu vya plastiki laini. Baadaye ilipata ruhusa ya kutengeneza huko Japani mwanasesere wa askari aliyebuniwa na Hasbro mwaka 1964, yule aitwaye G.I. Joe. Wajapani hawakuridhika kumuiga. Mwaka 1972 walimgeuza kuwa mtu wa mashine mwenye mwili wa kupenya mwanga. Mwaka 1974, bei ya mafuta ikiwa imepanda duniani na plastiki imekuwa ghali, walitoa watu wadogo wa kimo cha sentimita 10 hivi walioitwa Microman. Mwaka 1980 wakaanzisha jamii nyingine iliyoitwa Diaclone, ambamo watu wadogo zaidi, wenye sumaku nyayoni, waliendesha maroboti makubwa. Na kisha maroboti hayo yakawa yanageuka magari ya kawaida ya barabarani. Mwaka 1983 likatoka lori jekundu la tela. Ndilo hili lililo mezani petu.

Basi tazameni safari yake. Mwanasesere wa Kimarekani alikwenda Japani akiwa askari, akapungua kimo kwa ajili ya ughali wa mafuta, akapewa gari la kuendesha, na gari lile likawa ndilo shujaa, likarudi Marekani kununuliwa na kampuni ile ile iliyomuuza askari wa kwanza. Aliyekuwa kiungo katika biashara hiyo ni Henry Orenstein, mzaliwa wa Poland aliyenusurika katika kambi za Wanazi na kuhamia Marekani, ambako akawa mbunifu wa vichezeo. Yeye ndiye aliyeviona vichezeo vya Wajapani, akatambua thamani yake, na kuwashawishi wakubwa wa Hasbro wafanye mapatano na Takara. Hii ndiyo biashara ya werevu: hakuna aliyeona haya kujifunza kwa mwenziwe.

Lakini lori lilipofika Marekani lilibadilishiwa kisa. Huko Japani roboti lilikuwa chombo na mwanadamu ndiye dereva. Wamarekani walimtoa dereva na kulitia roho roboti lenyewe. Walisema ni viumbe wa chuma kutoka sayari nyingine, waliogawanyika makundi mawili, wema na waovu, na kwamba hujigeuza magari ili wajifiche miongoni mwetu. Jina la Optimus Prime lilibuniwa na Dennis O'Neil, mhariri wa vitabu vya picha vya kampuni ya Marvel. Wajapani walipolirejesha kwao walimwita Convoy, yaani msafara. Twalipenda jina hili la pili, kwani kiongozi ni yule anayetangulia msafara na kubeba mzigo. Na hakika ni jambo la kutafakari kwamba, kati ya magari yote, wabunifu hawakumfanya kiongozi kuwa gari la anasa wala gari la mashindano. Walimfanya lori, gari la kazi.

Sauti yake nayo ina kisa. Katika mchezo wa katuni wa televisheni ulioanza Septemba 1984, sauti ya Optimus Prime ilitolewa na Peter Cullen, mwigizaji wa Kanada. Amesimulia mara nyingi kwamba siku ya kujaribiwa alimwambia kaka yake, aliyekuwa askari katika vita vya Vietnam, kwamba anakwenda kuigiza lori ambalo ni shujaa. Kaka yake akamuusia kwamba shujaa wa kweli hapigi makelele. Awe na nguvu za kutosha hata aweze kuwa mpole. Cullen aliiga sauti ya kaka huyo, sauti ya chini na ya utulivu, na watoto wengi ulimwenguni wakaisikia kama sauti ya baba. Ndipo tulipoahidi kurudi kwenye bunduki. Sisi hatupendi silaha mikononi mwa watoto, hata za plastiki, na mzazi akiiweka kabatini ile bunduki nyeusi hatapunguza kitu katika lori. Lakini katika haki twasema pia kwamba upole wa jitu hili ni funzo ambalo vichezeo vingi vya vita havina.

Sasa tufike mahali pachungu. Mwaka 1984 huo huo, tume ya mawasiliano ya Marekani iliondoa mipaka iliyokuwa imewekwa juu ya matangazo ya biashara katika vipindi vya watoto. Mlango ukafunguka, na vipindi vizima vikawa tangazo la kichezeo. Mtoto aliketi kutazama hadithi, kumbe anatazama dirisha la duka. Mwaka 1986 ilitolewa filamu ya sinema ya maroboti haya, na ndani yake Optimus Prime aliuawa. Sababu haikuwa ya hadithi. Kampuni ilitaka kuondoa vichezeo vya zamani ili kuleta vipya, na waandishi wa filamu wamekiri baadaye kwamba hawakutambua jinsi watoto walivyompenda. Watoto walilia ndani ya majumba ya sinema. Malalamiko yakaja, na mwaka 1987 shujaa akafufuliwa katika katuni. Mwaka 1990 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya televisheni ya watoto, iliyoweka kikomo cha matangazo kuwa dakika 10 na nusu kwa kila saa siku za mwisho wa wiki, na dakika 12 siku nyingine.

Twayaeleza haya kwa ajili ya wakubwa serikalini hasa. Sisi wa Visiwani tulitangulia wenzetu wengi wa Afrika kuwa na televisheni ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na twajivunia hilo. Leo picha haziji kwa televisheni peke yake, huja kwa simu iliyomo mkononi mwa mama akipika. Mtoto wa miaka mitano hana uwezo wa kutenganisha hadithi na tangazo. Taifa kubwa lenye fedha nyingi lilikawia miaka sita kabla ya kulitambua hilo na kuliwekea sheria, na lilitambua baada ya watoto wake kulia. Hakuna sababu kwa sisi kungoja kilio chetu ndipo tuandike kanuni.

Tena dunia haikusimama kwenye lori la mwaka 1984. Mwaka 2021 ilitangazwa Optimus Prime ya aina mpya iliyotengenezwa na kampuni ya Robosen kwa ruhusa ya Hasbro, ambayo hujigeuza yenyewe. Ina mota 27 na vipande vipatavyo 5,000, nayo husikia amri kwa sauti. Ukiiambia geuka, husimama, hujikunja, na huwa lori mbele ya macho yako. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa karibu dola 700 za Kimarekani. Ni ajabu ya ufundi, wala hatuwezi kuinyima sifa yake. Lakini tujiulize mtoto amefanya nini. Amesema neno moja, kisha ametazama. Ile subira, ile kumbukumbu, na ule wepesi wa vidole vimehama kutoka kwake vimeingia ndani ya mashine. Fundi amejifunza mengi katika kuiunda, lakini mtoto amekuwa mtazamaji.

Kwa hivyo twaweka hapa kipimo chetu, na twaomba kila mzazi akichukue anapokwenda dukani. Usiulize kichezeo kinaweza kufanya nini, uliza kinamwachia mtoto afanye nini. Kwa kipimo hicho lori la mwaka 1984 linalizidi lile la dola 700. Na kwa kipimo hicho hicho liko lori jingine linaloyazidi yote mawili, nalo halipatikani dukani.

Nendeni katika kijiji chochote cha Unguja au Pemba jioni, mtamwona mtoto anakokota lori. Mwili wake ni kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa na kukunjuliwa. Ekseli ni waya au kijiti. Magurudumu yamekatwa katika soli ya kandambili iliyokwisha. Na tela limefungwa kwa ugwe uliookotwa pwani. Wengine huunda gari za shamba zenye bodi la mbao, wakaweka mpaka kibao cha abiria. Mtoto huyo amepima, amekata, ametoboa na amekosea, kisha amerekebisha. Ekseli ilipokwama alitafuta sababu mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha, na mara nyingi malipo yake ni kugombezwa kwamba anachezea taka, na kwamba kandambili ile ilikuwa bado ina siku zake.

Tukumbuke kopo la Otsu. Matsuzo Kosuge naye alichezea taka. Tofauti ya kopo lake na kopo la mtoto wetu haimo katika bati, imo katika yaliyolifuata. Lile la Japani lilipata karakana, soko, na wafanyabiashara waliokuwa tayari kulipeleka nje. La kwetu hupata mvua, na mtoto akivuka miaka 12 hulitupa, kwani amekwisha ambiwa kwamba huo ni utoto. Hatusemi kwamba kesho tujenge viwanda vya maroboti. Twasema kwamba mkono wenye kuunda lori kwa kopo ndio mkono utakaotengeneza mashine za boti, majokofu ya samaki na mitambo ya maji, ambayo leo ikiharibika hungoja fundi avuke bahari.

Tunayoyaomba kwa wahusika si makubwa wala hayahitaji fedha nyingi. Katika skuli zetu za msingi, watengewe watoto saa moja kwa wiki ya kuunda vitu kwa mikono yao kwa makopo, waya na mbao, chini ya mwalimu mwenye kujua kulinda vidole visikatwe. Katika viwanja vya Sikukuu, hapo Mnazi Mmoja na kwengineko, itengwe meza moja kwa magari na vyombo vilivyoundwa na watoto wenyewe, na atoke mkubwa mmoja avitazame na kuwapa mkono mafundi hao. Mtoto aliyepewa mkono na mkubwa mbele ya mama yake halisahau jambo hilo hadi uzeeni.

La pili lahusu yale maroboti ya mezani. Sikukuu moja iliyopita mmoja wetu alimnunulia mwanawe roboti ligeukalo lori. Lilikuwa jekundu na la buluu kama hili letu, lakini halikuwa na jina la kiwanda, wala la nchi, wala onyo lolote la umri. Siku ya pili bawaba ya mkono ilikatika, na ncha iliyobaki ikamchana mtoto kidole. Tulipolifungua tulikuta ndani yake vibetri viwili vya duara vinavyowasha macho, vimezibwa kwa kifuniko kisicho na skrubu. Kibetri cha namna hiyo mtoto akikimeza kinaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2. Twawaomba wanaosimamia viwango na wanaokagua mizigo bandarini wavitazame vichezeo kwa jicho lile lile wanalotazamia dawa na vyakula. Angalau kila kichezeo kionyeshe jina la aliyekitengeneza na umri wa mtoto anayefaa kukichezea, na kifuniko cha betri kifungwe kwa skrubu.

Na kwenu wazazi, neno letu ni fupi. Mwenye uwezo wa kumnunulia mwanawe lori zuri ligeukalo, na amnunulie, kisha akae naye chini walikunje pamoja, kwani mtoto hufurahi zaidi baba akishindwa mbele yake mara ya kwanza. Asiye na uwezo asijione mnyonge, wala asikope ili aridhishe meza ya mchuuzi. Ampe mwanawe kopo lililosuguliwa kingo zake, waya, na kandambili iliyokwisha, kisha amwachie nafasi uani. Na jioni mtoto atakapolikokota lori lake hadi mlangoni, msimwambie alitupe nje. Muulizeni amelifungaje tela kwenye kichwa, na mumsikilize mpaka amalize.